Keshero: «Iko na giga ngapi?» si swali la kwanza la kuuliza kabla ya kununua kadi ya michezo

Katika mtaa wa Keshero, magharibi mwa mji wa Goma, kijana anayetafuta kompyuta ya michezo huingia dukani na swali moja: «Iko na giga ngapi?» Muuzaji naye anajua jibu linalopendeza: «Iko na nane.» Makuta yanatoka, kadi inatiwa katika mfuko, motari anapigiwa mkono. Jioni, shida inaweza kuanza. Mashine inakataa kuwaka. Ama inawaka, mchezo unafunguka, kisha kila kitu kinazimika mara tu mpira unapoanza.

Zamani kosa kama hilo lilikuwa la kusikitisha tu. Leo ni kosa la kufunga biashara. Kuna nyumba ambamo kompyuta moja ya michezo njo kazi yenyewe: mchana inahariri video za harusi na matangazo, jioni watoto wa mtaa wanalipa kucheza kwa saa. Tangu waasi wa AFC/M23 walipoingia Goma tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga milango, ndege za kawaida zikasimama, na makuta yakawa magumu kupatikana hata kwa mtu aliyekuwa nayo kwenye akaunti. Aliyekusanya dola 150 kwa miezi sita hana namna ya kuzikusanya tena upesi akikosea.

Kwa hiyo kuchagua kadi ya grafiki, ile mafundi wengi wa Goma huita karti grafiki, si mambo ya watoto wanaopenda michezo peke yao. Na katika mji kama huu, swali la kwanza si giga. Ni wati.

Kwa nini bei haishuki

Wakaaji wengi huuliza jambo moja lenye haki ndani yake: coltan inatoka Masisi, hapa karibu, sasa kwa nini kadi iwe ghali hivi? Machimbo ya Rubaya, yaliyo mikononi mwa M23 tangu mwisho wa mwezi wa nne 2024, yanatoa karibu asilimia 15 ya tantalum yote ya dunia, kulingana na Umoja wa Mataifa. Tantalum hutumika katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta.

Lakini jiwe hilo ni sehemu ndogo sana ya bei ya kadi. Makuta makubwa yako kwenye vitu viwili: bongo la kadi, ambalo kwa kadi nyingi za leo linatengenezwa Taiwan, na vipande vya kumbukumbu, ambavyo soko lake limeshikwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea ya Kusini, na Micron ya Marekani. Rubaya hata ingetoa mara mbili, bei ya kadi Birere isingetikisika.

Kinachoitikisa ni kingine. Tangu mwisho wa mwaka 2025, bei ya kumbukumbu imepanda sana duniani. Makampuni yanayojenga akili bandia yananunua vipande hivyo kwa wingi kwa ajili ya vituo vyao, na viwanda vinawahudumia wao kwanza kwa sababu wanalipa zaidi. Katika mwezi wa kumi na mbili 2025, Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuzia watu wa kawaida kumbukumbu zake za jina la Crucial. Hiyo ilikuwa ishara: mnunuzi mdogo amesogezwa nyuma ya foleni, awe Chicago ama Keshero.

Juu ya hiyo bei ya dunia, Goma inaongeza ya kwake. Mzigo unashuka Mombasa ama Dar es Salaam, unapanda kwa barabara hadi Kampala ama Kigali, unavuka mpaka, na kila mkono unaoupokea unakata faida yake. Ukitoka Goma kwenda eneo lingine, upande wa Butembo ama Beni kwa mfano, unavuka mstari wa vita, na unaweza kulipishwa tena. Kisha kuna makuta yenyewe: kutoa dola kwenye M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money kuna komisio yake, na noti iliyopasuka kidogo tu inakataliwa ama inakatwa thamani. Mwenye dola 150 katika simu hana dola 150 mkononi.

Umeme wa nyumba njo unachagua

Kila kadi ina kiasi cha umeme inachokula, kinachopimwa kwa wati. Ni namba ambayo muuzaji hasemi, juu hakuna anayeiuliza. Lakini hiyo njo inaamua mambo matatu: kama mashine itawaka, gharama ya kila mwezi itakuwa ngapi, na mtu atacheza muda gani umeme ukienda.

Goma haina waya mmoja. Wapo waliounganishwa na Virunga Energies, ambao kituo chao cha Matebe, wilayani Rutshuru, kilifunguliwa mwaka 2015 kikiwa na zaidi ya megawati 13. Wapo wa SNEL. Wapo wa Nuru, waliojenga kituo cha jua cha megawati 1.3 upande wa Ndosho mwaka 2020. Na wapo wanaoishi kwa betri, paneli ya jua ama jenereta. Mwezi wa kwanza 2025 mapigano yalipoharibu laini ya umeme, mji ulikaa gizani, na maji yakakosekana kwa kuwa pampu zilisimama. Wakaaji hawajasahau.

Chukua kadi mbili ambazo huwindwa sana na wenye mfuko mdogo. Ya kwanza, Radeon RX 580 ya AMD, ilitoka mwaka 2017 na inakula wati 185. Ya pili, GeForce GTX 1650 ya Nvidia, ilitoka mwaka 2019 na inakula wati 75. Kwa nguvu ya mchezo, RX 580 iko mbele, na ina giga 8 wakati GTX 1650 ina 4. Anayehesabu giga tu amekwisha kuchagua.

Sasa hesabu ya umeme. Tofauti kati yao ni wati 110. Kwa anayefanya biashara ya michezo muda wa saa 6 kila siku, hiyo ni karibu kilowati-saa 20 zaidi kila mwezi. Kila mtu azidishe kwa bei anayolipa kwenye mita yake, kisha ajumlishe mwaka mzima.

Na umeme ukienda? Betri ya volti 12 na amperi-saa 100, ya aina ya asidi, inaweka wati-saa 1,200, lakini haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukitoa na kile kinachopotea katika konvertisa, yanabaki kama wati-saa 500. Kompyuta ya kawaida yenye GTX 1650 pamoja na ekrani inakula wati 175 hivi wakati wa mchezo: betri inaibeba karibu muda wa saa 3. Yenye RX 580 inakula wati 285 hivi: haifiki hata saa 2. Kwa mwenye chumba cha michezo, hiyo saa moja na zaidi ya kila jioni ni wateja waliobaki ama walioondoka.

Mashine za ofisi

Jambo lingine limebadilisha soko. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Matokeo yake, makampuni ya Ulaya na kwingine yanazitoa mashine zao za ofisi, na hizo njo zinaingia katika biashara ya okazio: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni imara, na mafundi wanazijua.

Shida yao ni alimantasio, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Nyingi kati ya hizo zina alimantasio ya wati 180 hadi 290, na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Nafasi ambamo kadi inachomekwa hutoa wati 75 tu, si zaidi. RX 580 haiwezi kuishi humo. Na kubadilisha alimantasio si rahisi kama fundi anavyosema, kwa sababu mashine nyingi za Dell na HP zina plagi zao wenyewe, tofauti na za kawaida.

Kuna na jambo la urefu. Zile mashine nyembamba zinapokea kadi fupi tu, zenye nusu ya kimo. Mtu aliyenunua kadi ya kimo cha kawaida atabaki ama kuacha mashine wazi, vumbi likiingia, ama kutafuta mtu wa kuibadilisha naye. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, mashine ifunguliwe nyumbani, maandishi ya alimantasio yasomwe, na picha yake ipigwe kwa simu.

Kadi ipi kwa mfuko upi

Kwa mwenye mashine ya ofisi isiyobadilishwa, mlango ni mwembamba lakini haujafungwa. GTX 1650 njo jibu la kwanza, mradi iwe ile isiyohitaji waya wa ziada, maana zipo za aina zote mbili. Ilitoka Marekani kwa dola 149. RTX 3050 ya giga 6, iliyotoka mwaka 2024, inakula wati 70 na ina nguvu zaidi; ikipatikana kwa bei ya kueleweka, ni bora. RX 6400 inakula wati 53 tu na zipo za kimo kifupi, lakini ina mitego miwili: katika mashine za zamani inapoteza nguvu kwa sababu njia yake ya mawasiliano ni nyembamba, na haina sehemu ya kurekodi video. Anayehariri ama kurusha michezo yake mtandaoni aiache.

GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 bado inauzwa sana, nayo inakula wati 75. Lakini Nvidia ilitoa toleo la mwisho la kawaida la programu ya kuongoza kadi za kizazi hicho mwezi wa kumi 2025. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama hadi mwezi wa kumi 2028. Michezo ya zamani, kama GTA V iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, itaendelea. Michezo mipya itaanza kuikataa. Bei yake dukani inapaswa kuonyesha hivyo. Ikiwa iko karibu na ya GTX 1650, hakuna sababu ya kuichukua.

Kwa mwenye mashine yenye alimantasio nzuri, ya wati 450 na zaidi, yenye waya wa ziada, uwanja unapanuka. GTX 1660 Super ya mwaka 2019 ina giga 6 na inakula wati 125. RX 6600 ya mwaka 2021 ina giga 8 na inakula wati 132. Hii ya pili njo inastahili kutafutwa zaidi: inaishinda RX 580 kwa mbali huku ikila umeme mdogo kuliko yenyewe. RTX 3060 ya giga 12, ya mwaka huohuo, inakula wati 170 na inafaa kwa anayehariri video nzito.

Kadi mpya, kama RTX 5060 iliyotoka mwezi wa tano 2025 kwa dola 299, zina nguvu kweli. Lakini kuichomeka katika mashine ya mwaka 2015 ni kama kufunga injini ya lori katika tshukudu. Mashine yenyewe itaivuta nyuma.

Na giga? Zina kazi yake. Kumbukumbu ya kadi ni kama meza ya mama anayeuza samaki Kituku: meza ikiwa ndogo, kila mteja akifika lazima ainame kwenye beseni. Giga 4 zinatosha kwa mpira na michezo ya mtandaoni yenye picha za wastani. Giga 8 zinahitajika kwa michezo mikubwa ya miaka hii. Lakini meza kubwa haimpi muuzaji mikono miwili zaidi. Kadi dhaifu yenye giga nyingi inabaki dhaifu.

Kadi ya uongo na kadi iliyochoka

Kuna aina ya udanganyifu ambayo macho hayaioni. Kadi ya zamani sana inabadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwenye kompyuta kama GTX 1050 Ti. Windows yenyewe inadanganyika. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z, ambayo inaingia hata katika ufunguo wa USB, inaweza kuzitambua nyingi kati ya hizo na kuandika wazi kwamba ni za uongo.

Udanganyifu wa pili ni mwepesi zaidi: RX 580 iliyoandikwa 2048SP. Si ya uongo, AMD iliitoa kwa soko la China mwaka 2018, lakini ndani yake ni sawa na RX 570. Inapaswa kulipiwa bei ya RX 570.

Kisha kuna kadi zilizochoka. Hadi mwezi wa tisa 2022, sarafu ya Ethereum ilichimbwa kwa kadi za grafiki zilizofanya kazi usiku na mchana. Uchimbaji huo ulipokoma, kadi nyingi ziliingia katika soko la mkono wa pili, na RX 580 ni kati ya zilizotumika sana. Si kila moja ni mbovu. Feni ndizo huchoka kwanza, na feni hubadilishwa. Lakini bei ya kadi iliyochimba haiwezi kuwa sawa na ya kadi iliyochezewa nyumbani.

Hata kadi nzuri ina adui Goma: vumbi jeusi la mawe ya volkeno. Linaziba feni, kadi inapata moto, inapunguza mwendo yenyewe, na mwenyewe anafikiri amedanganywa. Kusafishwa kila baada ya miezi michache kunarefusha maisha yake kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya makuta kutoka mfukoni

Kwa vile kadi nyingi huja na mfanyabiashara aliyezifuata nje, garanti mara nyingi ni maneno tu. Kurudisha kadi Kampala ama Dubai kunahitaji nauli, mpaka na wiki nyingi. Garanti ya kweli ni majaribio ya dukani. Mnunuzi mwenye busara anakubaliana na muuzaji mambo haya kabla ya kulipa:

– Kadi iwashwe katika mashine, GPU-Z ifunguliwe, jina na wati vilinganishwe na kilichosemwa.

– Mchezo uchezwe dakika 20, si dakika 2. Kadi iliyochoka huonyesha mistari, rangi za ajabu ama kuzimika ikisha kupata moto. Kipimo cha joto kikipita digrii 85, kuna jambo.

– Feni zisikilizwe, na skurubu ziangaliwe: zilizokwaruzwa zinaonyesha kwamba kadi ilikwisha kufunguliwa.

– Bei ilinganishwe na bei ambayo kadi ilitoka nayo ikiwa mpya. Kadi iliyotumika inayouzwa zaidi ya hapo si ya kukimbilia.

– Maandishi yafanywe, hata ya mkono: jina la kadi, tarehe, siku ngapi za kubadilisha.

Sehemu ya bajeti ibaki kwa stabilizeta. Volti zinapanda na kushuka, na jenereta ndogo nyingi hazitoi umeme ulionyooka. Umeme ukirudi baada ya kukatika, afadhali mashine ingojee dakika chache kabla ya kuwashwa.

Na kuna swali ambalo mafundi wachache wanaliuliza: je, kadi inahitajika? Anayetaka mpira peke yake anaweza kutafuta konsoli ya okazio, ambayo haina mahesabu haya ya alimantasio. Mwenye mashine yenye giga 4 za RAM na diski ya zamani atapata faida zaidi akianza na hizo. Lakini kwa yule ambaye mashine ileile inacheza, inahariri na inafundisha watoto, kadi ina kazi ya kufanya.

Nini cha kufuatilia

Mahitaji ya akili bandia yakiendelea kumeza kumbukumbu namna hii, bei za kadi mpya haziwezi kushuka upesi, na zikipanda, za okazio zitazifuata. Mwenye kadi inayofanya kazi asiiuze kwa tamaa ya kupanda daraja. Aisafishe na aitunze. Anayenunua mara ya kwanza asubiri nafasi nzuri ya RX 6600 ama GTX 1650, bila kukimbia nyuma ya namba kubwa.

Mengine hayako mikononi mwa mnunuzi: benki, uwanja wa ndege, mpaka, barabara. Wati ziko mikononi mwake. Zimeandikwa kwenye alimantasio ya mashine yake, na kuzisoma hakulipishwi.